Makopo ya Lita Kumi: Risala ya Vijana wa Stoo ya Nyuma kwa Afisa Michezo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Afisa Michezo, Mwalimu Mkuu wetu, wazazi wetu, nawe mzee mpima vyuma chakavu uliyefunga kazi ukaja:

Sisi wanariadha thelathini na mmoja, wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba, tunakusalimu kwa heshima na kwa furaha ambayo tumeshindwa kuificha.

KARIBU

Tuliposikia kwamba safari hii unakuja mwenyewe, tulifagia hata pembe ambazo hazijawahi kuonja ufagio. Kuna mwenzetu amepiga pasi soksi. Karibu sana.

Tunajua kilichokuleta. Wiki tatu zilizopita barua yako ilisimamisha mazoezi ya kunyanyua uzito "hadi nitakapojiridhisha", na stoo yetu ikatiwa kufuli. Mashindano ya kanda yamebaki wiki sita. Basi tutakueleza yote, hata yanayotutia aibu.

TULIKOTOKA

Stoo ile ilikuwa ya madawati mabovu. Tuliyatoa, tukapaka chokaa, tukatengeneza vyuma vyetu wenyewe: makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji, na katikati bomba la chuma. Kila kopo liliandikwa ubavuni "10". Tukajumlisha, tukapata kilo ishirini, tukaridhika. Hakuna aliyekumbuka kwamba kumi ile ilikuwa ya lita za rangi.

Uzito tuliuhisi, mgeni rasmi. Lakini nani angekubali kusema mbele ya wenzake kwamba kilo ishirini zimemshinda? Kila mtu alikaza meno, akamwachia anayefuata, akaenda pembeni kuhema kimyakimya.

Zamu ikamfikia mruka juu wetu, msichana wa miaka kumi na mitano tunayemwita Springi. Alilitazama bomba, akatamani kusema "leo sijisikii vizuri". Kisha akamwona mdogo wake dirishani. Akainama, akalivuta kwa mgongo badala ya miguu. Kitu kikamchoma chini ya kiuno. Akacheka, akasema amechoka tu. Asubuhi yake alishindwa kuinama kufunga kamba za viatu, na hapo kicheko kikaisha.

Mama yake ni fundi cherehani. Alikuja na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Nani kamtwisha mwanangu?"

"Mama, ni kilo ishirini tu," tukamjibu.

"Ishirini za nani? Mlipima wapi?"

Akatuamuru tuyabebe yale makopo hadi kwa mzee mpima vyuma, huyu aliyeketi hapa. Mzee akapandisha kopo la kwanza kwenye mizani, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Ishirini na nne," akasema. "Moja hilo."

Bomba na makopo yote mawili vilifika kilo hamsini na tatu. Mzee alitutazama mmoja mmoja. "Wajukuu zangu, nyinyi ni wanariadha au wapagazi?"

TULIYOYAFANYA

Springi hakuvunjika, misuli ilivutika. Mama mtaalamu wa viungo katika kituo cha afya alimpumzisha wiki sita, kisha akatuita sote. Tulidhani atatukataza. Akasema, "Miili yenu inaweza kujengwa. Kinachowaumiza ni haraka yenu na aibu yenu. Leteni mpini wa ufagio."

Wiki tatu, mgeni rasmi, tulichuchumaa na mpini wa ufagio! Watu wa uwanja wa jirani walituuliza kama tumeajiriwa usafi. Tulivumilia. Tukajifunza kunyoosha mgongo, kusukuma kwa miguu, kutoa pumzi wakati wa kupandisha. Makopo ya zamani tuliyavunja kwa nyundo, tukatengeneza madogo, na kila moja limepimwa kwenye mizani ya mzee na kuandikwa kilo zake halisi. Utaratibu wetu ni mara mbili kwa wiki, siku za mapumziko zikiwa katikati. Hakuna anayenyanyua bila mwenzake pembeni na mwalimu mlangoni. Hakuna anayeongeza uzito kabla ya kuupandisha ule wa mwanzo mara kumi na tano bila kuyumba.

Na tuna desturi yetu. Mtu akisema "imenizidi", akashusha chini, chumba kizima kinampigia makofi. Siku ya kwanza hakuna aliyethubutu. Springi aliporudi ndiye aliyeanza. Alishusha kilo nane, akasema kwa sauti, "Imenizidi!" Makofi yalimfuata hadi nje, mwalimu wa hesabu akaja kuuliza nani kashinda.

Miezi minne imepita bila mtu kuumia. Springi ameongeza sentimita saba kwenye kuruka kwake. Mama yake ndiye anayetushonea mikanda ya mazoezi.

YANAYOTUKWAMISHA

Taarifa ya kuumia kwa Springi ilitembea meza kwa meza hadi ikakufikia tulipokuwa tumeshabadilika. Tangu kufuli litiwe, tunaogopa jambo moja: wadogo zetu wameanza kunyanyua mawe nyuma ya nyumba zao. Huko hakuna mizani wala mwalimu wala wa kuwapigia makofi.

TUNAYOYAOMBA

Tunaomba stoo ifunguliwe. Tunaomba mama mtaalamu aruhusiwe kutukagua kila mwezi, na tukikiuka sharti lolote, funga tena, hatutalalamika.

Tumesikia minong'ono kwamba ukifungua, watu watasema ulikosea kufunga. Hukukosea. Kwa yale makopo, sisi wenyewe tungejifungia. Uliwalinda watoto wasiojua wanachonyanyua. Leo wanajua.

Kamati yetu imeruhusu ubeti mmoja tu:

Uzito twazingatia, tumejifunza ujuzi,
Polepole twaanzia, tumeacha upuuzi,
Wakubwa wakitujia, tutawaonyesha kazi,
Nawe ukituachia, utaona mageuzi.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya ya mgongo na miaka mingi ya kusimama wima. Jibu lako, liwe ndiyo au hapana, tunaomba utupe hapahapa, ana kwa ana. Tuko tayari kulisikia.

Ni sisi,
Vijana wa Stoo ya Nyuma.