Namba ya Marehemu Esta na Nyanya za Kigera

Mgeni rasmi, mambo yetu yaliharibika Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi. Tunaomba tuanzie hapo kabla ya kukukaribisha, kwa sababu ratiba inasema utaondoka saa sita, na wageni wengi wanaondokaga kabla hatujafika kwenye changamoto. Siku hiyo katibu wetu, Esta, alianguka kwenye tuta la nyanya akiwa ameshika simu ya kikundi. Hakuamka. Mume wake ni Enos Burito, ndiye anayekusomea.

KUKARIBISHA

Sasa karibu Kigera. Tupo wanachama thelathini na mmoja. Wengine wametoka Kamunyonge kwa miguu, wawili wametoka Mugeta kule Bunda tangu alfajiri. Viti vimekaliwa na maofisa, kwa hiyo wakulima unaowaona kule nyuma wamesimama siyo kwa heshima tu.

KIKUNDI NA SIMU

Tulianza mwaka 2019, tunalima nyanya, kabichi na mchicha kwa maji ya ziwa. Mwaka 2023 mradi ulituletea simu moja. Unapiga picha jani linaloumwa, unatuma, halafu jibu linakuja kwa ujumbe: ni ugonjwa gani au mdudu gani, dawa gani, kipimo gani. Mafunzo yalifanyika siku mbili hotelini, mjini. Walioitwa ni viongozi wa kata, watu ambao hawana hata mche mmoja. Sisi tuliletewa karatasi.

Siku ya kuandikishwa alitakiwa mtu mmoja mwenye kadi ya kitambulisho cha taifa mkononi. Sisi wengine tulikuwa na namba tu, kadi hazijatoka. Kadi alikuwa nayo Esta. Basi namba ya simu ya Esta ndiyo ikawa namba ya kikundi, na kidole kilichowekwa ni cha Esta.

MAFANIKIO

Hatuwezi kusema simu haifai. Zamani jani likitoka madoa meupe tulikuwa tunasema ni jua. Tunaenda dukani, muuzaji anatupa dawa ile inayokaribia kuisha muda. Simu ikasema hapana, hiyo ni kantangaze, yule kiwavi mdogo anayekula jani kwa ndani. Ikasema tuchume majani hayo tuyafukie, tutege mitego, tusipulize ovyo. Tulibisha. Mweka hazina wetu, Nyangi, akasema, "Simu imelima lini?" Esta akamjibu, "Na wewe umesoma lini? Fukia." Tukafukia. Msimu ule tulijaza matenga mpaka baiskeli za kupeleka soko la Nyasho zikakosekana.

Picha alikuwaga anapiga Esta. Kila jani analigeuza kwanza. "Mpige mgongoni," anasema, "usoni wote wanadanganya." Maneno hayo hayamo kwenye karatasi ya mradi.

CHANGAMOTO

Kwetu vitu vya marehemu havigaiwi mpaka ukoo ukae. Hata kijiko. Baada ya mazishi Enos aliirudisha simu kwa kikundi, laini akaichomoa, akaiweka sandukuni pamoja na vitenge vya Esta. Wazee wa kikundi walisema amefanya sawa.

Aprili mvua ikazidi, majani yakaanza kuungua pembeni. Selestina, katibu mpya, akaweka laini yake kwenye simu, akapiga picha, akatuma. Tukasubiri siku tisa. Hatukujua kwamba jibu linakwenda kwenye namba ile ile iliyoandikishwa, ambayo imo sandukuni. Ulikuwa ugonjwa wa bakajani. Nyanya zote za masika zikawa kama zimechemshwa. Selestina akaendelea kutuma picha kila wiki, tukidhani mtandao ndio mbaya.

Ukoo ulikaa Desemba, shemeji yetu, kaka wa marehemu, aliporudi kutoka Geita. Laini ikatolewa, haisomi mtandao tena. Tulipoipeleka ofisini, bwana mmoja akacheka. "Mzee, siku hizi na laini mnaiwekea matanga?" Tunaliandika hili ili ujue tunavyojibiwaga.

Kosa la laini tumelikubali, ni la Enos. Lakini karatasi ya mradi ina kurasa nne, na hakuna mstari unaosema mwenye namba akifa mfanye nini. Waliopanga walijua nyanya zinakufa. Mkulima hawakumfikiria.

Januari Enos aliipiga ile namba. Hakukieleza kikundi kwa nini aliipiga. Ikaita. Akapokea mwanaume, anaitwa Luhende, fundi viatu wa Kahama. Namba ilikuwa imeshapewa yeye.

"Ninyi ndio wenye nyanya?" akauliza. "Kila wiki naandikiwa, Habari Esta, majani yako yana utitiri. Mke wangu kaniwekea kikao: huyu Esta ni nani, na majani yake yanakuhusu nini? Njooni mumjibu ninyi!"

Tangu hapo, mgeni rasmi, bwana shamba wetu ni fundi viatu. Selestina anatuma picha, jibu linaenda Kahama, Luhende anampigia Enos anamsomea, sisi tunaandika. Anasomaga yote, kuanzia pale kwenye "Habari Esta". Selestina alimwomba aruke salamu, asimalize vocha yake bure. Akasema, "Mama, barua inasomwa kuanzia juu." Enos akamtumia vocha.

Wiki iliyopita Luhende ametuambia laini hiyo anaitupa mwisho wa mwezi huu, nyumba yake haina amani. Hatumlaumu, amefanya kazi isiyo yake na hana mshahara wake. Lakini nyanya zetu sasa ndiyo zinatoa maua, na bwana shamba wa kuajiriwa yupo mmoja kwa kata tatu.

MAOMBI

Tunaomba namba ya kikundi ibadilishwe, iwe ya Selestina. Kwenye kikao walinyoosha mkono wanachama thelathini kati ya thelathini na mmoja. Aliyebaki ndiye anayekusomea. Tumekwenda ofisi tatu. Kwenye ofisi ya simu walisema mwenye namba aje mwenyewe na kidole chake. Kwenye mradi walisema mfumo upo makao makuu. Kwenye kilimo walisema hilo ni la mradi.

Leo unazindua simu kumi na mbili kwa vikundi vya Butiama na Bunda. Meza ya kuandikisha tumeiona pale mlangoni, na wanachukua mtu mmoja mmoja kama walivyotufanyia sisi. Tunaomba kila kikundi kiandikishe wawili, kabla hujakata utepe.

Tena, kitabu cha mradi tulichogawiwa asubuhi hii, ukurasa wa sita, kina majina ya wakulima wanaotumia huduma vizuri. Esta ni wa tatu. Wameandika kwamba anatuma picha kila wiki.

Mungu akurudishe kwako salama, na watu wako uwakute wote wazima. Ni sisi, Kikundi cha Wakulima wa Mboga Tujikaze, Kigera. Ukisimama kutujibu, tunaomba uanze na swali hili, maana ofisi zote tatu zimelikwepa: kumwandika Esta kwamba amekufa, ni kazi ya nani?