Baiskeli Zisizo na Kiti

"Itangazwe kwa wananchi wote, kuanzia Buger mpaka Ololosokwan, kwamba zama za kukalia baiskeli zimekwisha!"

Loserian aliyasoma hayo kwa sauti, kwenye picha ya tangazo iliyo katika simu yake, ndani ya Noah ya abiria iendayo Endabash, huku kuku wa Mama Hyasinta, jirani yake wa kiti, akimdonoa kiatu chake cha katambuga.

"Baiskeli bila kiti?" mama aliuliza. "Mwanangu, hizo zimeibiwa viti."

"Hazikaliwi, mama! Unasimama, unaruka nayo mpaka juu ya ukuta, kama moran kwenye ngoma! Zimetoka mpya, aina tatu, na leo zinajaribiwa Endabash. Nani atanishinda kuruka? Ng'ombe nimemwachia dada, niko njiani tangu jana."

Nyuma yao Leonce, mwanafunzi wa bweni aliye likizo, alikuwa amejiziba mdomo kwa raha. Aliposikia habari za ng'ombe, raha ikapungua.

Mama Hyasinta aliichukua simu, akaikuza ile picha ya tangazo, lililokuwa limebandikwa stendi. "Mbona hapa chini wameandika 'Nakala: Kiranja wa Bweni'?"

Akageuka polepole, akaitazama sweta ya shule ya Leonce. Loserian naye akageuka. Hata kuku akageuka.

Noah ikasimama Endabash.

"Ni mimi niliyeliandika," Leonce alisema, macho chini. "Lakini baiskeli zipo kweli, kaka, na kuzijaribu ni ruksa. Zimeshushwa Karatu juzi, kule kule tulikotoka. Uongo ni Endabash tu."