Sketi Isiyo na Pindo

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliokaa juu ya matofali, mbele ya chumba cha fundi cherehani tunayemwita Pindo. Kushoto kwake kuna kibanda changu cha kuchonga funguo. Kulia kuna duka la fotokopi la Taarifa, ambaye hakuna habari inayompita, na ikimpita anaitunga. Wa nne ni Dokta. Huyu hajawahi kumtibu mtu. Alifagia zahanati miaka kumi na moja, akaondoka na koti jeupe na mazoea ya kumkagua mtu macho kabla ya kumsalimia. Saa nne asubuhi mama wa kahawa anatujazia vikombe, na tukifika chini ya vikombe tunakuwa tumeshaiweka dunia sawa. Dunia yenyewe haina habari.

Mwezi ule hatukuwa na mada nyingine ila mwisho wa dunia. Mhubiri mgeni alikuwa amekaa kanisani kwetu majuma mawili, na kila jioni alitundika kitambaa cheupe cha mita sita kilichochorwa vita, njaa, wanyama wenye pembe za kutosha, na mshale mwekundu unaopita katikati mpaka kwenye moto. Mimi nilikwenda siku moja, nikapata kiti nyuma ya nguzo, nikanusurika. Pindo alikwenda siku zote, tena mbele, maana kitambaa chenyewe alikiunga yeye. Katika kukiunga, alibakiza upana wa kiganja mwishoni ili akunje pindo, kitambaa kisifumuke. Mhubiri akamzuia.

— Kata hapo hapo, fundi. Mbele ya hapo hakuna kitu.

Akakata. Mhubiri alikunja kitambaa chake akaenda kutisha wengine, nasi tukabaki na Pindo ambaye si yule tuliyemzoea. Zamani ulikuwa unasikia cherehani na sauti yake nzito ya kwaya vikienda pamoja. Sasa ilisikika cherehani peke yake.

Asubuhi ninayoisimulia, Taarifa ndiye aliyefungua kikao. Alisema mashine yake ya fotokopi imeanza kutoa mstari mweusi upande wa kulia wa kila karatasi. Fundi amekuja mara mbili, mstari upo pale pale. Sasa tujiulize, akasema, kwa nini kulia na si kushoto? Hatukujua. Akasema naye hajui, lakini hapendi.

Dokta akaja na lake. Alidai saa zimefupishwa. Saa moja ya siku hizi, ukiipima vizuri, ni dakika arobaini. Nikamuuliza ameipima kwa kipimo gani. Akasema kwa mapigo ya moyo wake. Nikamkumbusha kwamba anajipima baada ya vikombe vitatu vya kahawa, akanitazama macho kama anayetafuta homa ya manjano.

Taarifa hakutaka kushindwa. Akajumlisha mstari mweusi na zile dakika ishirini zilizopotea, akapata Alhamisi. Alhamisi ipi, hakusema. Dokta akauliza kama ni asubuhi au mchana, kwa sababu mchana yeye hulala kidogo. Wakabishana hapo mpaka kahawa ikaanza kupoa.

Na mimi, kwa kutaka kuchekesha, nikasema hata kwangu nimeona dalili: watu siku hizi wanachonga ufunguo mmoja tu, hawataki wa akiba. Taarifa akacheka. Pindo hakucheka. Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo, na mimi nikajuta mdomo wangu.

— Ndiyo maana nimeacha kuweka pindo, akasema.

Hapo inabidi nieleze. Lile jina la utani alilipata kwa kazi. Sare ya mtoto aliyoishona yeye ilikuwa na vidole vinne vya kitambaa vilivyokunjwa kwa ndani, chini kabisa. Mtoto akirefuka, mama anashusha kidole kimoja kila mwaka. Kuna wasichana mtaani waliovaa sketi moja kuanzia darasa la tatu mpaka la saba, na mama zao walimwombea Pindo heri kila Januari. Na sasa, tangu mhubiri aondoke, sare zote alizoshona alikuwa amezikata kwenye goti na kuzifunga kwa mshono mwembamba. Kitambaa kilichobaki alikitia kwenye gunia.

— Nikiweka pindo la miaka minne, akatuambia, ni sawa na kumwambia Bwana achelewe miaka minne.

Taarifa alisema hiyo ndiyo imani. Dokta alisema hiyo ni kinga, na kinga ni bora. Mimi nilimuuliza kama analala.

— Silali, akasema. Naogopa, ndugu yangu. Zamani nilikuwa nikisikia kwamba anakuja, nafurahi. Sasa mlango ukigongwa nashtuka.

Nilimhurumia sana, lakini kijiwe chetu kina ujuzi wa kila kitu isipokuwa hilo.

Ndipo akaja bibi mmoja ambaye si mtu wa benchi. Tulimfahamu kwa sura tu kutoka kanisani, hukaa safu ya tatu karibu na kwaya. Alikuwa na kifurushi cha gazeti kwapani. Tulimpa shikamoo yake, akatujibu marahaba wanangu, Dokta akampisha nafasi. Akakaa, akakifungua kifurushi mapajani. Ndani mlikuwa na sketi ya shule, ya buluu, mpya kabisa.

— Fundi, mjukuu wangu amekataa kwenda shule.

Pindo akauliza kama sketi inambana.

— Imemkaa vizuri, haina kasoro. Lakini ameigeuza ndani nje, akatafuta pindo, hakuliona.

Alituambia habari za mtoto kwa kifupi. Ana miaka kumi. Mama yake alifariki mwaka juzi, wanaishi wawili tu, yeye na bibi yake. Alilazwa hospitali miezi mitatu kwa ugonjwa wa mapafu, sasa amepona, daktari amesema arudi darasani Jumatatu. Sketi zake zote tangu darasa la kwanza amezishona Pindo. Kwa hiyo anaijua kazi ya fundi wake.

— Ameniuliza, "Bibi, kwani daktari amemwambia fundi kwamba mimi sitakua?" Nimemwambia hapana. Hakunisadiki. Amejifunika shuka tangu juzi, hali vizuri. Sasa nimekuja nijue wewe, ulikuwa na maana gani?

Dokta alianza kufungua vifungo vya koti lake jeupe, sijui kwa nini, akavifunga tena.

Pindo alijieleza kwa sauti ya chini. Alimweleza kitambaa cha mita sita, mshale, moto, na kwamba Bwana yu karibu kuliko tunavyodhani, na kwamba kushonea mwaka kesho kunaonyesha mtu hajajiandaa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

— Mwanangu, akasema, mimi namsubiri kuliko ninyi nyote hapa. Nilimzika binti yangu. Akija leo, leo hii namwona binti yangu. Kila asubuhi nikifungua dirisha nasema labda ni leo, na moyo wangu unafurahi. Halafu naweka maji ya chai jikoni, naenda kumwamsha mtoto. Yote mawili nayafanya asubuhi moja, na sijaona ugomvi kati yake.

Akaikunjua sketi, akapitisha kidole chini, pale kwenye ule mshono mwembamba.

— Nina swali moja, mnisaidie ninyi wenye kujadili. Akija kesho, akamkuta mtoto amevaa sketi yenye pindo, atakasirika?

Dokta akatazama barabarani. Mama wa kahawa alikuja na chupa yake akasimama kutujazia, na hakuna aliyenyoosha kikombe.

Pindo aliichukua ile sketi akaigeuza ndani nje mwenyewe. Nilidhani anatafuta namna ya kuirefusha, lakini hapakuwa na cha kurefusha, kitambaa kilikuwa kimeishia kwenye uzi.

— Hii haitengenezeki, akasema mwishoni. Nitashona nyingine. Lakini nimpime upya, na nimwambie mwenyewe kwamba aliyekosea ni mimi. Yuko nyumbani?

— Yuko kitandani.

Akaingia ndani, akatoka na utepe wa kupimia shingoni na kipande cha chaki mkononi. Nilimuuliza pole pole, bibi asisikie, kama woga umemtoka.

— Bado naogopa, akasema. Lakini kwanza nikampime mtoto.

Akamshika bibi mkono kumsaidia kusimama, maana ubao wetu uko chini sana kwa magoti ya mtu mzima. Walipofika mbele ya duka la fotokopi nilimsikia akimuuliza:

— Mama yake alikuwa mrefu?

— Mrefu kuliko mimi na wewe.

— Basi nitaweka vidole sita.

Walikata kona wakienda taratibu, bibi akimwonyesha njia. Sisi watatu tulibaki tumetazama kule walikopita. Kidole kimoja ni mwaka mmoja. Nilijumlisha kimya kimya, nikapata msichana wa miaka kumi na sita.