Mwalimu Venance na Makopo Mawili ya Stoo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha baiolojia hapa shuleni kwetu Chanika, Mwalimu Venance anastaafu. Amechoka. Mie mpishi wa shule nalijua hilo kuliko ofisi, maana akimaliza kipindi huja jikoni, anakaa kwenye gunia la mkaa na kusinzia kabla chai haijapoa.

Kila mwaka kidato cha kwanza alikuwa akiwaanzishia jikoni kwangu. Anatandika jamvi, watoto wanagawa viumbe katika himaya tano: mchicha kwenye mimea, dagaa kwenye wanyama, hamira kwenye kuvu, mtindi kwa ajili ya bakteria wake, na maji ya dimbwi kwa ajili ya vile vidudu visivyoonekana, protista.

Mwanangu Najat, zamu yake ilipofika, aliweka uyoga kwa mchicha. Mie ndiye niliyemfundisha, uyoga si mboga? Darasa zima likamcheka. Akaapa hasomi tena baiolojia.

Mwalimu hakumgombeza. Alifungia kwenye giza la stoo makopo mawili, moja la mbegu za mchicha, jingine la maranda yaliyoota uyoga. Baada ya wiki akamwita. Mchicha ulikuwa mweupe, umerefuka na kulala. Uyoga umenenepa.

"Mmea unajipikia kwa mwanga wa jua," alimwambia. "Uyoga haujui kupika, unakula vya wenzake, kama sie walimu kwa mama yako."

Najat alicheka, akarudi darasani. Leo ana shahada ya ualimu wa baiolojia. Nimemzaa mie, mniache niringe kidogo.

Sasa Mwalimu, sauti imekauka na magoti hayamtii, amesikika akisema atakuwa anakuja kila Jumanne kutoka kwake Kimara, kwa kuwa mwalimu mwingine wa baiolojia hatuna. Hapana, Mwalimu. Jumatatu ijayo Najat anaanza kujitolea hapa wakati akisubiri ajira. Makopo yako nimeshayaosha, jamvi nimelianika, na safari hii uyoga nitauweka mbali na mchicha.

Ahsante kwa watoto wetu wote. Tunakuombea miaka mingi ya kuishi kama uyoga: kivulini, umetulia, ukipikiwa na wenzako.

Mama Najat, jikoni