Kisanduku Alichokiruka Mama Chipu

Ndugu waombolezaji, dada yetu, mliyezoea kumwita Mama Chipu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, akiwa wa tatu kati ya watoto saba, na tangu utotoni hakujua kutulia, redio ya baba aliifungua mara nne kabla hajaanza shule, na mara mbili tu ndiyo ilirudi kuongea.

Alianza darasa la kwanza Januari 1974, akahitimu chuo cha ufundi wa umeme tarehe 30 Novemba 1989, akaajiriwa Februari 1990 katika karakana ya vifaa vya hospitali, akiandika programu za mashine za kuwapa joto watoto njiti. Aliolewa tarehe 8 Agosti 1992 na mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyejaliwa subira, wakapata mabinti wawili, 1994 na 1997.

Mwaka 2006, mashine mpya ikijaribiwa bila mtoto ndani, hita ilikataa kuzima, lawama zikamwangukia fundi wa nyaya, dada yetu akiwa wa kwanza kumnyooshea kidole, na tarehe 2 Juni fundi akafukuzwa kazi. Siku tisa baadaye dada aliliona kosa, nalo lilikuwa lake mwenyewe. Katika C, lugha ya kuandikia programu, alikuwa ameziorodhesha kwa majina rejista, yaani nafasi za kupokelea amri, za chipu iliyokuwa ubongo wa mashine, kama visanduku vilivyopangwa safu moja, kisha akaweka kielekezi, alama ya kuonyesha mahali, kwenye kisanduku cha kwanza ili vingine vihesabiwe kuanzia hapo, lakini kitabu cha maelezo ya chipu kilionyesha kimoja kitupu katikati, naye akakiruka kwa kuwa hakina kazi, hivyo vyote vilivyofuata vikasogea nafasi moja, na amri ya kuzima hita ikaenda kwenye kisanduku jirani.

Alirekebisha kwa mstari mmoja, akanyamaza. Tangu hapo roho haikumtulia, alihama karakana tatu, aliinuka katikati ya chakula akazunguka uani, na vijana aliowafundisha kazi aliwakagulia programu zao kisanduku kwa kisanduku mpaka wakamkimbia.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2021, akalazwa tarehe 3 Septemba 2023, akafariki tarehe 19, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla alimwapisha mdogo wake, huyu anayewasomea, kwamba habari ya fundi isomwe hapa bila kupambwa, tukambishia kwa aibu, akatushinda, kama kawaida yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza. Nawe fundi, uliyefika leo ukidhani umekuja kumzika mwenzako wa kazi tu, nyaya zako zilikuwa nzima, na familia inakuomba radhi mbele ya watu wote.

Dada, tumeshalisema, sasa pumzika kwa amani.