Majogoo Wasiowika wa Mwakirunge

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Fidel Kioko, pamoja na majirani zetu nyote, salaam nyingi.

KARIBU
Sisi wafuga kuku wa Mwakirunge tunakukaribisha. Kiti umepewa, kaa. Ila tumekasirika, na hatutaficha.

TULIKOTOKA
Majogoo wetu walikuwa wakipigana kutwa, nyama ngumu kama mpira wa gari. Daktari wa mifugo akatufundisha kuwahasi wangali wadogo. Korodani za jogoo zimo ndani, karibu na mgongo, nazo ndizo zinazotoa homoni ya kiume. Zikitolewa, ugomvi unakwisha, undu wake mwekundu wa kichwani unabaki mdogo na kupauka, hawiki, na anachokula kinageuka mafuta na nyama laini. Hatumwongezi kitu, Mheshimiwa. Tunampunguza.

MAFANIKIO
Mahoteli yalikuwa yakitupigia simu. Selpher Mweri, mwenzetu, aliezeka nyumba yake mabati kwa majogoo hawa.

CHANGAMOTO
Changamoto ni wewe.

Siku moja Selpher hayupo, mumewe Munga akamwuzia Mzee Mramba wa Mtongwe jogoo wa mbegu. Akakamata mnene kuliko wote, kumbe ni mmoja wa wale waliohasiwa! Mramba akapiga simu: "Munga mwanangu, jogoo gani huyu? Anakaa na mitetea kama dada yao!" Selpher akacheka, akaomba radhi, akampelekea mwingine. Yakaisha.

Kisa kikakufikia. Hukuja kuuliza. Ukaenda redioni ukasema tunadunga kuku homoni za kike, na wavulana wakiwala wataota matiti.

Selpher alipofika sokoni, wateja wake wakavuta watoto pembeni. Mmoja akamwambia, "Haya, mama kuku, Munga wako keshaanza kunyonyesha?" Watu wakaangua kicheko. Alirudi na tenga zima, wala hakulia. Tangu hapo haendi sokoni. Ametuambia leo ukiondoka kimya, anafunga banda, basi.

OMBI
Hatuombi chanjo wala fedha. Selpher amepika jogoo aliyehasiwa, kwa tui zito. Watu wa redio uliokuja nao wako hapa. Kula wakikuona, kisha useme kwa kinywa kile kile kwamba ulikosea.

Selpher amesimama nyuma yako na birika. Nawa mikono, Mheshimiwa.

Mungu akubariki, ukishameza.

Ni sisi,
Wafuga Kuku wa Mwakirunge