Fundo la Usawa wa Macho

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Shikamoo mwalimu. Fundi wako wa bustani. Niko huku kwako, nyuma ya nyumba.

MWALIMU: Marahaba. Sema upesi, nasimamia mtihani. Nimetoka nyumbani na giza.

FUNDI: Ni hii mipera. Hii niliyoitandaza kwenye waya ili usionane na—

MWALIMU: Na jirani.

FUNDI: Jirani, dada yako.

MWALIMU: Jirani. Imekufa?

FUNDI: Imestawi. Matawi yamelala kwenye waya kama nguo zilizoanikwa. Ila kuna fundo moja, kila siku— [mkwaruzo] —halikazi.

MWALIMU: Fundi, fundo langu na dada yangu halikuhusu.

FUNDI: Fundo la kamba, mwalimu.

MWALIMU: Aa.

FUNDI: Tawi la usawa wa macho. Nikija nalifunga, nikirudi nalikuta limefunguliwa, limesukumwa kando. Pana tundu, uso mzima unapita.

MWALIMU: Upepo huo.

FUNDI: Upepo umekunja kamba, umeiweka juu ya ndoo.

MWALIMU: Basi mbuzi.

FUNDI: Ana kigoda. Na kikombe cha chai.

MWALIMU: [kimya]

FUNDI: Haloo? Unanipata?

MWALIMU: Nakupata. Anaishi peke yake, yule, na ana presha. Nikiona kafungua dirisha la jikoni, naenda zangu kazini. Basi.

FUNDI: Mimi sijauliza.

MWALIMU: Tangu tugawane kiwanja cha mama hatusemeshani. Lakini kumwangalia mtu si kumsemesha.

FUNDI: Si kumsemesha. Sasa nifunge au niache?

MWALIMU: Funga. Akijua namchungulia, uso wangu nitauweka wapi?

FUNDI: Ndiyo hapo sasa. Nilizunguka upande wake kuokota majani. Kuna vitawi vimekatwa kwa kisu cha jikoni, kutokea kulekule. Mimi natumia mkasi.

MWALIMU: Unasemaje?

FUNDI: Na kwake kuna kigoda. Kinatazamana na chako.

MWALIMU: Fundi, kwani wewe umenipigia kwa sababu ya kamba?

FUNDI: Hapana. Yeye ndiye kaniambia nikupigie. Anauliza kama u mzima. Asubuhi hakukuona kwenye tundu.

MWALIMU: Mwambie... [mkwaruzo] ...mwambie niliwahi mtihani.

FUNDI: Amesikia. Nimeweka spika.

MWALIMU: Tangu saa ngapi?

FUNDI: Tangu haloo.

MWALIMU: Wewe fundi wewe.

FUNDI: Mwalimu, salio linaisha. Nifunge au niache?

MWALIMU: Acha.

FUNDI: Niache tundu, au niache kazi?

MWALIMU: Tundu. Na usizime hiyo spika. Dada... shikamoo.

FUNDI: [mkwaruzo] Subiri, kakaa chini kwanza. Anajifuta macho kwa kanga. Anasema mara—

[salio limekwisha]